Wiki Niliyomfundisha Manana Kuuliza Kama Kuna Uyoga

Jumatatu, 6 Oktoba

Mvua siku mbili, kisha jua siku tatu. Ardhi ina joto, usiku hauna upepo. Pua yangu inasema uyoga umeota.

Asubuhi nimekwenda kwa Bruna kunywa kahawa. Baa imejaa na hakuna hata mtu mmoja aliyeona uyoga! Fausto, mwenye duka la misumari na rangi, alikuwa na majani ya msonobari kwenye ukosi na matope hadi magotini. Nikamwuliza kama huko juu kuna kitu. Akaapa hakuna, mlima mkavu kama mfupa, asingemshauri hata adui yake apoteze muda. Kisha akaniuliza mimi. Nikajibu hakuna. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilikuwa nasema kweli. Hiyo ndiyo aibu yangu. Katika kijiji kizima cha Pietrafosca ni mimi peke yangu ninayesema hakuna, na kweli hakuna.

Silaumu mtu. Desturi ni desturi. Hapa ukiulizwa kama kuna uyoga unajibu hakuna, hata kama mkono wa kikapu unakukata bega. Padri Silvano naye hujibu hivyo hivyo, na sijui huenda kuungama kwa nani.

Mwenye siri kubwa kuliko wote ni mjomba wangu Gaudenzio, kaka wa marehemu mama. Ana miaka themanini na saba. Kwa miaka sitini ameshuka mlimani na kikapu kilichojaa, na hajawahi kushuka kwa njia aliyopandia. Mahali pake pa kuchumia hapajulikani. Mahali kama pale huachiwa mtu mmoja wa ukoo, kwa mdomo, kabla mzee hajafumba macho. Binti yake Mirella hali uyoga, unamtoa vipele. Mpwa ni mmoja tu, ndiye mimi. Hajanitamkia neno! Nadhani bado ana kinyongo cha mwaka 1994, nilipomfuata kwa kujificha. Alijua tangu hatua ya kwanza. Alinizungusha kwenye upupu saa sita nzima, tukatokezea makaburini, hapo akageuka akanisalimia.

Sasa Mirella anakuja Jumapili kumchukua akaishi naye Genova. Moyo wa mzee umechoka na daktari amemkataza ngazi. Hatarudi. Mahali pale pataondoka ndani ya kichwa chake, kwenye kiti cha mbele cha gari, huku mimi nikipunga mkono.

Nina siku sita. Nina wazo pia.

Anayemtunza mjomba ni mama mmoja wa Georgia anayeitwa Manana. Ana miezi miwili hapa. Kiitaliano chake kinaishia kwenye asante, supu na dawa. Desemba ana mtihani wa lugha, na bila cheti kile kibali chake cha kuishi kina mashaka. Anatafuta mwalimu. Mjomba ananikwepa mimi, lakini nani atamkwepa mwanafunzi? Nitamfundisha bure. Watu watasema Ivano ana moyo.

Jumanne, 7 Oktoba

Somo la kwanza, jikoni kwa mjomba. Yeye yuko dirishani kwenye kiti chake, blanketi magotini, macho yamefumbwa. Amelala. Vizuri sana.

Nimeanza na jambo moja tu, kuuliza kama kitu kipo. Huo ndio msingi wa lugha, nikamwambia, mengine yote ni mapambo. Kitu kikiwa kimoja ni c'è, vikiwa vingi ni ci sono, halafu unataja unachokitaka. Kuna maji? Kuna mkate? Kuna mayai? Manana anashika upesi kuliko nilivyotazamia. Akazunguka jikoni akifungua makabati. Kuna chumvi? Ipo! Kuna sukari? Ipo! Kuna siagi? Hapo akakwama, kwa sababu siagi haikuwepo na sikuwa nimemfundisha kukana. Nikamfundisha hakuna. Akaliandika mara mbili na kulipigia mstari.

Halafu, kwa sauti ya mtu asiye na haja yoyote, nikaingiza langu. Kuna uyoga? Uyoga uko wapi?

Akaniuliza, kwa mikono na kwa kamusi yake ndogo, mbona tumefika kwenye uyoga kabla ya daktari, basi na choo. Nikamwambia vitabu vyote vizuri vya Kiitaliano huanza hivyo. Akasema asante, Mwalimu, akaandika. Nilijisikia vibaya kwa muda kama wa dakika moja.

Kazi ya nyumbani: amwulize mzee kila kitu, kutwa, bila aibu, maana mazoezi ndiyo mwalimu. Na asisahau ukurasa wa uyoga.

Loredana, mke wangu, alipopata habari alicheka hadi akatafuta kiti. Akasema kumbe mtu aliyerudia darasa kwa ajili ya sarufi anaweza kuwa profesa. Nikamjibu kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Akanitazama upara, akaendelea kumenya viazi.

Jumatano, 8 Oktoba

Leo mazoezi ya nje. Nimempeleka Manana kwa Bruna amwulize Fausto. Hesabu yangu ilikuwa nzuri. Mama wa watu, mgeni, uso wa kanisani, daftari mkononi. Mtu mwenye roho gani atamdanganya?

Kosa ni langu. Nilisahau kumfundisha sauti. Kwetu maneno ya swali na ya jibu ni yale yale. Sauti ikipanda mwishoni unauliza, ikishuka unatoa habari. Manana akasimama katikati ya baa, akavuta pumzi, akafungua kinywa, na sauti ikashuka taratibu hadi chini kabisa.

“Kuna uyoga.”

Bruna akaacha mashine ya kahawa ilie peke yake. Mtu anayeishi na Gaudenzio, anayefua soksi za Gaudenzio, amesimama mbele ya kijiji kizima na kutangaza kwamba kuna uyoga! Fausto akawa wa kwanza kutoka, kahawa hajaigusa, eti amekumbuka ameacha duka wazi. Mwingine akakumbuka bomba linalovuja. Mwingine mbuzi. Padri Silvano akasema ana mazishi. Dakika tano baadaye magari manne yalikuwa yanapanda mlima na pikipiki ya padri nyuma yao. Kwenye pikipiki kulikuwa na kikapu.

Manana akaingiwa na hofu, akaniuliza kama amesema vibaya. Nikamwambia amesema vizuri mno. Nikamwacha na Bruna, anywe chochote.

Daftari hili halisomwi na mtu, kwa hiyo naandika yote. Mimi pia nilipanda. Najua ni mimi niliyemfundisha sentensi ile, jana, mbele ya kabati la chumvi. Lakini nikiwa nafunga kamba za buti nikajiuliza: je, kama mzee amemwambia? Nimezunguka hadi saa kumi. Konokono mmoja. Suruali imechanika kwenye seng'enge. Nyuma ya jiwe kubwa nikamkuta Fausto akiwa amepiga magoti. Akaniuliza kama kuna. Nikasema hakuna. Nikamwuliza yeye, akasema hakuna. Safari hii wote wawili tulisema kweli, na kila mmoja akaondoka akimwona mwenzake mwongo.

Loredana ameiangalia suruali. Ameitia kwenye kikapu cha nguo za kushona.

Alhamisi, 9 Oktoba

Somo la sauti. Nimemwambia Manana ainue nyusi, sauti itazifuata. Imefanya kazi mara moja! Ninaanza kufikiri kwamba nilizaliwa niwe mwalimu na dunia ikanipeleka kuuza bima.

Mjomba leo macho, na anataka kushiriki. Anasema alipokuwa jeshini aliwafundisha makuruta wa milimani kufunga buti, kwa hiyo kazi hii anaijua. Manana akamgeukia, nyusi juu. Kuna baridi, mzee wangu? Ipo, akajibu mjomba, dirisha hili halifungi tangu Februari. Kuna maumivu? Yapo, goti la kushoto, na usiku huku kifuani. (Mimi huja kila Alhamisi na sikuwa nalijua hilo la dirisha. Huwa nakaa upande wa jiko.) Kuna mtu unayemkumbuka? Swali hilo sikumfundisha. Amelitengeneza mwenyewe kwa vipande.

 Mjomba akasema yupo, Ines, marehemu mke wake. Akaeleza kofia ya Ines ya buluu. Akaeleza Ines alivyokuwa akiumwaga ugali wa moto juu ya ubao na kuukata kwa uzi, na vipande vikatoka sawasawa kama vimepimwa, na jinsi tangu afe hajaona mtu mwingine anayejua kuukata vile. Nusu saa nzima ya ugali! Nimeangalia saa mara tatu. Nimemkonyeza Manana. Nimeigonga meza kwa kalamu. Ukurasa wa uyoga, mama!

Akainua nyusi. Kuna uyoga?

Mjomba akafumbua jicho moja, akanitazama mimi. Hakuna, akasema.

Na hapo Manana, ambaye hana habari ya desturi zetu, akauliza swali ambalo Pietrafosca haijawahi kulisikia tangu iwe Pietrafosca. Hakuna wapi?

Mzee akacheka hadi akapaliwa, ikabidi tumpige mgongoni. Alipopata pumzi akamjibu kwa adabu, akihesabu vidole. Hakuna makaburini. Hakuna kwenye kinu cha zamani. Hakuna nyuma ya kanisa dogo. Hakuna kwenye shamba la kina Fausto, hata wakeshe. Hakuna kwenye chemchemi, hakuna ng'ambo ya mto, hakuna kwenye njia ya nyumbu. Nilikuwa naandika yote chini ya meza. Nyumbani nimeitandaza ramani na kufuta kila alichotaja. Pamebaki mahali pamoja tu ambapo hakupataja. Mteremko wa Costa Lunga!

Mzee amejifunga kwa ulimi wake mwenyewe. Miaka sitini ya ujanja, na leo ameuza siri kwa kusahau kidole kimoja. Nimemwambia Loredana aandae unga na mafuta. Ameniuliza kwa ajili ya nini. Nimemwambia ataona.

Ijumaa, 10 Oktoba

Alfajiri, Costa Lunga. Sikuchukua kikapu, maana mtu mwenye kikapu barabarani ni tarumbeta. Nilichukua mfuko wa nailoni na kuufutika kotini. Najua umekatazwa. Hewa haipiti na mbegu za uyoga hazidondoki msituni. Lakini nilikuwa naenda kurithi, si kuchuma.

Saa mbili za kupanda. Mawe. Miiba. Mteremko mzima ni mawe na miiba, mti mmoja umekufa, mwingine unajiandaa. Nilichungulia chini ya kila jani. Nilichungulia hata mahali ambapo hapakuwa na majani.

Nilipokuwa natambaa, nikaona jozi ya buti safi mbele ya pua yangu. Askari wa misitu! Koplo mmoja mwanamke, mpole sana. Akaniuliza kama kuna uyoga. Nikajibu hakuna. Akatabasamu, akasema ndivyo wanavyosema wote, baba. Akaomba kibali cha kuchuma. Kibali kiko kwenye koti jingine. Akaona nailoni inachungulia kotini. Akaniomba niitoe. Ndani yake mkate na soseji kavu. Akapekua gari, akainua zulia, akaniomba nivue buti. Siku niliyosema kweli tupu kwa afisa wa serikali, nimesimama kwenye mawe na soksi!

Mwishoni akaamini, na hiyo ikawa mbaya zaidi. Akanionea huruma. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Costa Lunga haijaota kitu tangu mteremko ule uungue moto, kila mtu anajua. Akaniandikia onyo kwa ajili ya nailoni, akaniachia soseji.

Mchana nikapita kwa mjomba nikiwa nachechemea. Nikamwambia, kama mzaha tu, kwamba jana katika kuhesabu kwake alikuwa amesahau Costa Lunga. Akasema hakusahau. Alikuwa anataja mahali ambapo mtu mwenye akili anaweza kwenda kutafuta. Manana akaniletea beseni la maji moto yenye chumvi kwa ajili ya miguu. Akaniuliza, nyusi juu, kuna maumivu, Mwalimu? Nikasema yapo. Matamshi mazuri sana.

Nimebakiwa na siku moja. Kesho naacha njia za kuzunguka. Nitakwenda na chupa ya mvinyo na kumbana ana kwa ana.

Jumamosi, 11 Oktoba

Saa tatu na nusu nimefika na chupa. Mlango umefungwa! Nikabisha. Nikaita. Nikazunguka nyuma, penye kilima, nikachungulia dirishani, lile lisilofunga. Kiti cha mjomba hakipo. Si mjomba tu, kiti chenyewe hakipo!

 Naandika kweli, kwa muda ule sikufikiria uyoga hata kidogo. Nilifikiri wamempeleka hospitali akiwa amekaa vile vile. Nilikaa kwenye ngazi na chupa yangu na nikaanza kumwomba Mungu, ambaye hatujazungumza naye tangu Pasaka.

Saa sita ikasikika ngurumo ya kigari cha magurudumu matatu cha Argia, jirani mjane wa ghorofa ya chini. Argia kwenye usukani. Nyuma, mahali pa kubebea kuni, kiti cha mjomba kimefungwa kwa kamba, na juu yake mjomba mwenyewe, blanketi magotini, kofia kichwani, kama mtakatifu kwenye maandamano ya kanisa. Alikuwa anapungia watu mkono. Mashavu mekundu, buti za matope, jani la mwaloni sikioni. Kando yake Manana, amekumbatia kikapu kikubwa kilichofunikwa shali.

Nikauliza wametoka wapi. Kwa daktari, akasema mjomba. Nikamkumbusha daktari hapokei watu Jumamosi. Akasema ndiyo, wamemkosa.

Nikambana Argia pembeni. Argia ni mtu wa dini. Akasema aliwafikisha darajani tu. Pale mzee alimwomba ageuze uso mtoni, naye akageuza, kama mtu yeyote mwenye heshima. Walikaa zaidi ya saa moja. Alichosikia ni mzee akicheka akiwa mgongoni kwa Manana. Mgongoni! Mama yule amembeba mjomba wangu kama mtungi!

Basi nikamwendea Manana. Nikamtazama machoni, polepole, kama mwalimu kwa mwanafunzi, nikakionyesha kikapu. Nikainua nyusi zangu mwenyewe. Kuna uyoga?

Manana akanitazama. Hakupepesa. Sauti ikashuka pale pale inapotakiwa kushuka.

“Hakuna, Mwalimu.”

Mtu angefikiri amezaliwa hapa! Siku tano tu za masomo! Machozi yalinilenga, sioni aibu kuandika. Ngazini palinuka uyoga mbichi, lakini ngazi zile zimenuka uyoga miaka sitini. Nimemwamini. Mwanafunzi hamdanganyi mwalimu wake, hasa wa bure. Mjomba alikuwa amechoka na akapelekwa kulala, kwa hiyo chupa nimerudi nayo nyumbani. Nimemweleza Loredana habari yote. Ameniomba nirudie sehemu ya kikapu. Nimerudia. Ameninyang'anya chupa na kuifungua.

Jumapili, 12 Oktoba

Mirella amefika kutoka Genova saa nne. Chakula cha kuagana, watu sita mezani. Manana akaweka sinia la tambi katikati. Tambi na uyoga! Si mkavu wa kuloweka. Mbichi, minofu minene, kofia za kahawia zimekatwa vipande vya unene wa kidole. Mirella alikaangiwa yai.

Nikauliza uyoga huu umetoka wapi. Meza nzima ikanitazama. Umenunuliwa, akasema mjomba. Umenunuliwa, akasema Argia. Manana akasema neno hilo pia, na sijui alilijifunza lini, mimi sikumfundisha kununua.

Nilikula sahani tatu, na kwenye ya tatu ndipo nikaelewa. Nilikasirika. Kisha nikaona wivu, wivu wa kitoto kabisa, wa kutaka kutupa uma. Urithi wangu! Damu ya mama yangu! Na umekwenda kwa mtu ambaye wiki iliyopita alikuwa hajui kuomba siagi!

Nilisubiri hadi mzee alipokaa garini, mkanda umefungwa, kikopo cha dawa mapajani. Nikaingiza kichwa dirishani. Nikamwambia, mjomba, mimi ni mpwa wako. Nimekuja kwako kila Alhamisi kwa miaka thelathini.

Akaniwekea mkono shavuni. Mkono ulikuwa baridi. Akasema, “Ivano, mwanangu, umekuja, ndiyo. Na kila ulipokuja ulikuwa unanichungulia buti. Hata siku moja hujaniuliza kama kuna baridi humu ndani. Huyu mama maneno yake yalikuwa matano, na moja alilitumia kuniuliza kama kuna maumivu.” Akavuta pumzi. Kisha akasema uyoga wa pale unatosha watu wawili, haujawahi kuwa wa mtu mmoja, na kwamba simu ya Mirella inapokewa kila jioni.

Mirella akawasha gari. Manana alikuwa analia, Argia analia. Manana amekubaliwa kubaki kuitunza nyumba hadi mtihani. Nilibaki barabarani nikipunga mkono hadi gari lilipopotea kwenye kona ya kinu.  Nilirudi nyumbani, nikakaa kwenye kochi mchana kutwa, na Loredana akanifunika koti bila kuniuliza.

Saa kumi na moja nikaruka kutoka kwenye kochi. Nimeelewa! Mzee hakunifukuza. Mzee amenipa njia! Huanzi na uyoga. Unaanza na baridi! Manana alianza na baridi, akaja na maumivu, akaja na Ines, na uyoga ukafuata wenyewe. Nimekuwa nikiuliza swali la mwisho kwanza kwa miaka thelathini.

Jumatatu, 13 Oktoba

Siku nzima ya kazi. Nimeandaa maswali kumi na moja kwa mpangilio. La kwanza, kuna baridi huko? La pili, kuna maumivu? La tatu, kuna kelele za magari? La nne Ines. La tano ugali. La sita hadi la kumi ni ya kujazia, kuna samaki, kuna majirani, na kadhalika. La kumi na moja, uyoga. Swali moja kwa jioni, bila pupa. Haraka haraka haina baraka.

Nimempitia Manana kwa somo la hesabu na saa. Hakuwepo. Nilikutana naye akishuka, kikapu begani, shali juu, majani ya msonobari kwenye nywele. Nikamwuliza kama kuna. Hakuna, Mwalimu. Maskini, anapanda bure. Labda mzee hakumwonyesha vizuri. Nimemwambia asikate tamaa.

Jumanne, 14 Oktoba

Jioni ya kwanza. Nimepiga simu saa moja, Loredana akipakua supu. Mjomba mwenyewe akapokea. Nikasafisha koo, nikasoma kwenye karatasi. Mjomba, kuna baridi huko?

 Sauti yake ilikuja imelegea, sijawahi kuisikia hivyo. Akaniuliza kama kweli nimepiga kuuliza hilo. Nikasema ndiyo. Akasema Mungu anibariki, basi sogea karibu, kaa vizuri, nina mengi ya kukuambia.

Akaanza. Chumba kina joto, dirisha linafunga. Ndege wa baharini wanapiga kelele alfajiri. Mirella hajui kupika ugali. Kisha akaingia habari za zamani, baba yake, vita, daraja, asubuhi baba yake alipomshika mkono akiwa na miaka saba wakavuka mto. Wazee wakianza hapo hawamalizi. Baada ya dakika kumi nikailaza simu mezani, kando ya mkate, sauti nikaiacha kubwa, nikaanza kula. Kila baada ya muda nilisema ehe, mjomba. Alifurahi mno. Mtu anaweza kumpa mzee furaha kwa gharama ndogo sana.

Loredana akaacha kijiko chake. Akainamia simu, uso umembadilika. Akaninong'oneza nichukue kalamu upesi, mzee anasema ukivuka daraja hesabu mialoni mitatu mkono wa kushoto, kisha jiwe lililopasuka, kisha ushuke.

Nikamwashiria anyamaze. Mwanamke huyu hana subira, ndiyo maana hawezi mipango ya muda mrefu. Nikamwonyesha karatasi yangu. Leo ni swali la kwanza tu. Uyoga ni la kumi na moja.